Farasi Anayejikuna Jioni

Makala ya bima ya gari niliyowaahidi itangoja kidogo. Kiangazi hiki chote nyumba yetu hapa Maple imeishi kwa saa ya farasi mmoja, na nataka niwaandikie habari zake kabla sijasahau nani alisema nini. Najua baadhi yenu mna watoto waliopatwa na wazimu huohuo wa farasi. Jumamosi asubuhi huwa tunasimama pamoja kando ya ua, vikombe vya kahawa mkononi, tukijifanya hatuogopi.

Wasioishi hapa wanaijua Vaughan kwa Canada's Wonderland na kwa maghala yasiyo na mwisho. Lakini ukiipita Kleinburg kwenda kaskazini, ukakaribia King-Vaughan Road, nyumba mpya zinakoma ghafla na mashamba yanaanza. Mengi ya mashamba hayo yana farasi. Huko ndiko binti yangu wa miaka kumi na mitatu anakotumia fedha zangu.

Mimi ni mtu wa Lamu. Punda nawajua. Nimezaliwa mji ambao punda ndiye gari, lori na pia msongamano wa barabarani. Farasi nilimwona kwenye sinema. Kwa hiyo binti aliponiambia kwamba tumkodi farasi siku tatu kwa wiki, nilikubali kwa kudhani ni punda mrefu.

Jina lake ni Stjarna, maana yake nyota kwa lugha ya Iceland. Ni farasi jike wa Iceland, mfupi, mnene, mwenye singa nyingi shingoni. Alizaliwa huko na akaletwa Ontario akiwa na miaka minane. Sasa ana kumi na saba. Katika malisho yuko pamoja na binti yake mwenye miaka sita, aliyezaliwa hapahapa. Shikeni hilo la kuzaliwa kwao, nitalirudia.

Mwaka wa kwanza tulianza kumkodi Septemba, tukamwona mzuri. Mwaka wa pili, ilipofika wiki ya mwisho ya Mei, alianza kujikuna. Nikisema kujikuna msidhani ni kujikuna kwa kawaida. Alikuwa akirudi nyuma mpaka kwenye nguzo ya ua, anasugua mzizi wa mkia, kulia kushoto, dakika kumi nzima, macho ameyafumba. Akimaliza anageukia shingo. Akikosa nguzo anajilaza chini na kusugua tumbo kwenye udongo. Katikati ya Juni singa zake zilikuwa zimekatika na kubaki kama mswaki uliochakaa. Ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa imekuwa nene, imekunjamana, na mahali pengine ilitoa damu. Kwenye damu wakaja inzi. Binti alikuwa anarudi nyumbani bila kula.

Mwenye banda ni mama mmoja wa makamo, mkali lakini mwenye haki. Siku moja alinivuta kando akaniambia kwamba hali hii hurudi kila mwaka na kila mwaka huzidi. Hawezi kumuuza farasi wa namna hiyo bila kusema ukweli, na akisema ukweli hakuna atakayemnunua. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba hatamwacha ateseke kiangazi kingine kama hiki. Sikuuliza maana yake. Binti yangu alikuwa nyuma ya mlango na ndoo ya maji mkononi. Yeye pia hakuuliza.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana si haki niandike ya wengine nikaficha langu.

Nilidhani ni ugonjwa wa ngozi. Kwetu ngozi ikiwasha tunapaka. Nikachukua mafuta ya nazi jikoni, nikatia mafuta ya karafuu kutoka kichupa kile kidogo ambacho mama watoto huweka kwa ajili ya meno, nikatia kwa wingi nikiamini kwamba kikali ndicho kinachoponya. Nikampaka farasi wa watu shingoni na kwenye mkia, juu ya vidonda, mchana wa jua kali. Kesho yake ngozi ilikuwa imevimba malengelenge. Mwenye banda alinitazama bila kusema kitu, na hilo lilikuwa baya kuliko kutukanwa. Binti hakusema nami siku mbili. Mafuta makali ya namna hiyo yanachoma ngozi iliyochubuka, ya farasi na ya mtu pia. Mafuta ya nazi peke yake yasingemdhuru. Karafuu ndiyo niliyokosea.

Wakati huo mama yangu alikuwa amewasili kutoka Lamu kwa viza ya wazazi. Nyumbani kila mtu humwita Bibi kwa ajili ya watoto, hata mimi siku hizi. Ana miaka sabini na minne na maishani mwake amefuga punda wasiopungua kumi na wawili. Nilipomsimulia habari ya karafuu alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Mwanangu, kidonda hakitiwi karafuu. Na wewe umefanya dawa kabla ya kuuliza. Anajikuna saa ngapi?"

Nikasema anajikuna daima.

"Hakuna kinachowasha daima. Saa ngapi?"

Sikujua. Binti hakujua. Mwenye banda alisema ni usiku, kwa kuwa asubuhi ndipo huonekana damu mbichi.

Basi Bibi akataka apelekwe. Tulimwekea kiti cha kukunja karibu na ua, chupa ya chai pembeni, kanga mbili mabegani, akakaa tangu alasiri. Mtakumbuka kwamba hapa mwezi wa Juni jua huzama kama saa tatu za usiku, jambo ambalo Bibi hajalizoea na analisema kila siku kama habari mpya. Saa kumi Stjarna alikuwa anakula nyasi kwa amani. Saa kumi na moja, vilevile. Upepo ulikuwa unavuma kutoka magharibi. Kama saa moja na nusu upepo ukaanguka, na chini kule bondeni, karibu na kidimbwi ambako kijito cha kuelekea Humber kinapita, hewa ikatulia. Haikupita robo saa. Farasi akapiga mkia, akatikisa kichwa, akaanza kutembea huku na huku, kisha akaenda moja kwa moja kwenye nguzo.

Bibi naye alikuwa anajipiga mikono. Akanyosha mkono kwenye mwanga na kumwonyesha mjukuu wake alama nyekundu, na juu ya moja yao kidude kidogo kuliko punje ya pilipili manga iliyosagwa. "Ndoo uone," akasema. "Usubi."

Mtu yeyote aliyekwenda mikokoni jioni upepo ukiwa umelala anamjua usubi. Humwoni, humsikii kama mbu, unahisi tu cheche za moto kwenye ngozi. Wa Vaughan si wale wa Lamu, lakini ni ukoo mmoja, ule ambao wataalamu huuita Culicoides. Urefu wao ni milimita moja mpaka tatu. Majike ndiyo yanayouma, kwa kuwa yanataka damu ili yatage. Huzaliana kwenye tope, kando za vidimbwi, kwenye samadi yenye majimaji. Ni warukaji dhaifu mno, upepo wa kilomita kumi kwa saa na zaidi unawashinda. Ndiyo maana hungoja jioni na alfajiri, hewa inapotulia.

Daktari wa mifugo alipokuja wiki ile alisikiliza habari ya kiti cha kukunja, akacheka, akasema Bibi amemfanyia nusu ya kazi. Hata hivyo aliifanya nusu nyingine, na ningependa mzazi mwenzangu aijue kabla hajachukua kichupa cha karafuu. Muwasho una wenyewe wengi. Chawa wa farasi hushamiri mwishoni mwa majira ya baridi, manyoya yanapokuwa marefu, kwa hiyo farasi anayejikuna Februari mtafute chawa kwanza. Minyoo fulani humfanya farasi asugue mkia peke yake, bila shingo, na haijali ni mwezi gani; daktari hubandika kipande cha utepe wa kunata chini ya mkia na kutafuta mayai kwa darubini. Utitiri hukaa miguuni, hasa kwa farasi wenye manyoya mengi juu ya kwato, nao hupiga miguu chini na kujitafuna. Stjarna alikuwa safi kwa yote matatu. Shingo, mkia, mstari wa tumbo, kuanzia Mei mpaka Oktoba, nafuu wakati wa baridi: ni mzio wa mate ya usubi. Mdudu anapouma anaacha mate, na mwili wa baadhi ya farasi huyachukulia mate hayo kama adui mkubwa. Hauambukizi. Lakini hutembea katika damu ya ukoo, na kwa kawaida huzidi mwaka hadi mwaka usipodhibitiwa. Haponi. Anaepushwa.

Binti akauliza sindano. Daktari akamweleza kwamba dawa za steroidi zinaweza kutuliza muwasho kwa haraka, ila kwa farasi zina hatari ya kuleta ugonjwa wa kwato unaoweza kumlemaza kabisa, na kwa farasi mnene wa aina hii angependa azitumie kidogo na kwa siku chache. Akampa za siku chache ili vidonda vifunge. Kazi iliyobaki, akasema, ni ya saa, kitambaa na upepo.

Hapo ndipo tulipogundua jambo lililonifanya niandike makala hii. Banda lile, kama mabanda mengi ya Ontario, kiangazi huwafungia farasi ndani mchana na kuwatoa malishoni usiku kucha. Wanafanya hivyo kwa nia njema na kwa akili. Julai mchana ni joto, na mchana ndio wakati wa pange, wale inzi wakubwa wanaokata ngozi kama mkasi mpaka damu inachuruzika. Kwa farasi ishirini wa banda lile utaratibu huo ni rehema. Kwa Stjarna ulikuwa ni kumtoa nje saa ileile usubi wanapoamka, na kumrudisha ndani saa ileile wanapokwenda kulala. Alilindwa na mdudu ambaye angeweza kumvumilia, akapelekwa kwa yule asiyemvumilia. Miaka tisa.

Mwenye banda alipoelewa aliketi juu ya robota la nyasi kavu. Sikumlaumu. Nani angejua, na nani ana watumishi wa kumtoa na kumrudisha farasi mmoja kinyume na wenzake wote? Akasema: kama familia yenu itafanya kazi hiyo, mimi nakubali. Na Oktoba tutamwangalia, kisha nitaamua.

Basi ratiba yetu ikawa hivi. Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye ghala Concord, natoka saa mbili asubuhi. Badala ya kwenda kulala nakwenda bandani, namsafisha Stjarna, namkagua, namvika shuka yake, na inapokaribia saa nne, jua likiwa juu na upepo umeanza, namtoa. Mama watoto akitoka kazini anampitia binti, na saa kumi na moja jioni farasi yuko ndani. Nimelala kidogo mwaka huu kuliko mwaka mtoto wa mwisho alipozaliwa.

Ndani tuliweka feni. Nilinunua ile ya sanduku ya dola sitini, nikaja nayo nimejaa fahari, na mwenye banda akaikatalia mlangoni. Feni za nyumbani mota yake iko wazi, vumbi la nyasi huingia, hupata moto, na banda la mbao lenye nyasi kavu likishika moto hakuna wa kuokolewa. Inatakiwa feni ya mifugo yenye mota iliyofungwa, waya umepita juu ambako farasi hafiki. Tulipata moja iliyotumika. Ikipuliza juu ya mgongo wa farasi usubi hawawezi kutua. Kwa sababu hiyohiyo tulimkatalia Bibi alipopendekeza kufukiza makumbi ya nazi. Alikubali, ila alisema Lamu wangefukiza.

Shuka ni habari nyingine. Ile ya kawaida ya kukinga inzi ina matundu makubwa, usubi hupita kama watu wanaoingia msikitini Ijumaa. Inatakiwa yenye kitambaa kilichosukwa karibukaribu, inayofunika shingo yote, mkia na chini ya tumbo, kwa kuwa tumbo ndipo watu wengi husahau. Barakoa ya uso yenye masikio pia, hasa Mei, msimu wa inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yanayotiririka na kupenda kuingia masikioni. Bei ya vyote hivyo sitaiandika, mama watoto anasoma gazeti hili.

Dawa ya kupulizia tulitumia ile ya farasi yenye permethrin, tukiirudia kama lebo inavyosema, maana jasho na mvua huiondoa. Kama bandani kuna paka, na kila banda lina paka, mwekeni mbali mpaka dawa ikauke, na msiiache chupa wazi. Permethrin ambayo farasi anaivumilia inaweza kumuua paka. Dawa za mbu za binadamu msimpake farasi kwa kukisia. Mnajua kwa nini nasema hivyo.

Tulihamisha pia rundo la samadi lililokuwa karibu na birika, tukaziba mahali birika lilipokuwa linavuja na kufanya tope, na mwenye banda akazungushia ua wa umeme upande wa kidimbwi ili Stjarna alishe juu kwenye kilima kwenye upepo. Kazi hiyo ilichukua Jumapili mbili na mgongo wangu.

Shuka iliyokuja ilikuwa na mistari myeupe na myeusi. Binti ndiye aliyeichagua, nami nilidhani ni mapambo ya watoto. Bibi alipomwona farasi amevaa alicheka mpaka akashika ua. "Mmevuka bahari mbili mje mfanye punda milia?"

Kumbe mtoto alikuwa amesoma. Mwaka 2019 watafiti waliokuwa na Tim Caro, mtu ambaye kwa miaka mingi amechunguza kwa nini punda milia ana mistari, waliwavika farasi wa Uingereza makoti meupe, meusi na ya mistari, wakawahesabu pange. Pange waliwakaribia wote sawasawa. Lakini kwenye mistari walishindwa kutua: walikuja kwa kasi bila kupunguza mwendo, wengine wakajigonga na kurudi. Kwenye vichwa vya farasi, ambavyo havikufunikwa, walitua kama kawaida, na hilo ndilo lililonishawishi. Mwaka huohuo watafiti wa Japani walipaka ng'ombe weusi mistari myeupe, na inzi wanaouma wakapungua kwa karibu nusu. Nawaonya tu kwamba habari hiyo ni ya pange na inzi wakubwa. Usubi hazuiliwi na rangi, anazuiliwa na kitambaa chenyewe. Lakini kwa farasi wetu aliyekuwa sasa anatoka mchana, saa za pange, mistari ilikuja kwa wakati wake.

Sasa nirudi kwenye lile la kuzaliwa.

Binti wa Stjarna hajikuni. Ameshiriki na mama yake malisho, kidimbwi, usiku na usubi wote ule, na singa zake zinafika begani. Nilimuuliza daktari kama ni bahati. Akasema inajulikana sana kwa farasi wa nchi ile. Kwa karne na karne Iceland haikuwa na usubi wanaouma farasi, kwa hiyo mtoto wa farasi anakua bila kuonja mate yao. Akipelekwa nchi nyingine akiwa mtu mzima, mwili wake unakutana nao kwa mara ya kwanza na unashtuka. Katika sehemu zenye usubi wengi, zaidi ya nusu ya farasi waliozaliwa Iceland na kuhamishwa hupata muwasho huu, mara nyingi baada ya kiangazi cha pili au cha tatu. Wa ukoo uleule waliozaliwa ng'ambo, ni chini ya mmoja kwa kumi. Wanasayansi wa Iceland na Uswisi wamekuwa wakijaribu chanjo ambayo farasi angechomwa kabla ya kusafiri.

Nikasema, basi tatizo ni dogo: arudishwe. Daktari akatikisa kichwa. Sheria ya Iceland hairuhusu farasi kuingizwa nchini, hata yule aliyezaliwa hapo. Wanaogopa maradhi, kwa kuwa farasi wao hawajawahi kukutana na mengi. Akishatoka, ametoka.

Nilimtafsiria Bibi. Hakusema kitu, akamtazama farasi kwa muda. Halafu akamfunga vizuri mkanda wa shuka chini ya tumbo, yeye ambaye mpaka siku ile alikuwa hajamgusa.

Njiani kurudi alinisimulia kwa nini Lamu hakuna farasi wa kutajwa. Wazee walisema wakiletwa wanakufa, punda anabaki. Nilipofika nyumbani nilisoma, na wazee walikuwa sahihi. Usubi wa kwetu hawaishii kuwasha. Wanabeba kirusi cha ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua farasi wengi wanaoupata, ilhali punda wa Afrika na punda milia huupata wakaendelea na shughuli zao. Mwaka 2020 uliingia Thailand na kuua mamia ya farasi. Bara, mbung'o alimaliza waliobaki. Canada haina ugonjwa huo. Hapa cha kuogopwa zaidi ni mbu, kwa kuwa wanabeba homa ya ubongo ya farasi na virusi vya West Nile, na chanjo za vyote viwili hutolewa kila mwaka majira ya kuchipua. Muulizeni mwenye banda kama farasi wa mtoto wenu amechanjwa, ni swali la kawaida, hataudhika.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka mara moja. Wiki mbili za kwanza Stjarna alizoea kusimama mlangoni usiku akiwaita wenzake waliokuwa nje, na majirani wa bandani walilalamika. Binti akaomba binti wa farasi naye alale ndani, mwenye banda akakubali kwa kununa. Mara moja katikati ya Julai nilipitiwa na usingizi, mama watoto akadhani binti amempitia mwenzake wa gari, farasi akabaki nje mpaka saa nne za usiku. Tulimkuta ameshafungua jeraha moja la mkia kupitia kwenye shuka. Usiku mmoja tu. Binti alilia ndani ya gari, na safari hii alisema nami, kwa hiyo nilihesabu kama nafuu.

Bibi aliondoka Septemba. Uwanjani Pearson, badala ya kuniusia kusali, aliniusia nisiache kukagua tumbo.

Baridi ya kwanza yenye sakitu ilikuja Oktoba na usubi wakaisha. Jumamosi ile mwenye banda alimvua Stjarna shuka mwenyewe, akampitisha mkono shingoni taratibu, akainua mkia, akainama kutazama tumbo. Ngozi ilikuwa laini. Singa mpya zilikuwa zimefika urefu wa vidole vitatu, zimesimama wima kama za mtoto wa farasi. Akamgeukia binti yangu, si mimi, akamwambia kwamba mwakani wasisubiri Mei, shuka ianze kuvaliwa Aprili, kabla hajaumwa hata mara moja.

Binti amekwisha andika kwenye kalenda ya jikoni. Mimi nimeomba zamu ya mchana kuanzia mwezi huo, na sijajibiwa bado.